Sarafu za bibi: hawa wazungu kwenye sarafu ni kina nani, na ni kweli rupia inauzwa mamilioni?

Kijana_wa_Kihamba
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Tumemaliza matanga ya bibi mzaa baba huku Old Moshi, sasa mashangazi wakafungua lile sanduku lake la bati la chini ya kitanda ambalo enzi za uhai wake hakuna aliyethubutu kuligusa. Ndani kuna kanga, cheti cha ubatizo, na kitambaa kimefungwa fundo kina sarafu. Nyingi ni za juzijuzi tu, za Mwingereza zile zenye tundu na shilingi za Nyerere, ila tatu zimenichanganya.

Moja ina mzungu wa sharubu amevaa kofia ya chuma na juu ya kofia kuna ndege katanua mabawa, pembeni imeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR, nyuma kuna simba na mti kama mnazi na maneno marefu DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, mwaka 1892. Ya pili kubwa zaidi, mzee ndevu zimejaa mashavuni, ALBERT KOENIG VON SACHSEN, nyuma kuna tai na FÜNF MARK 1898. Ya tatu ndo kubwa kuliko zote, mwanamke mnene mnene ana mtandio kichwani, mwaka 1780!! Yaani kabla hata babu wa babu hajazaliwa.

Sasa kuna jamaa wa Arusha kapewa namba yangu sijui na nani, anasema hiyo ya simba ana mteja wa nje anatoa milioni 80 ila mpaka ipimwe kama "inavuta mchele", na huyo mpimaji anatakiwa alipwe laki tatu, tunatoa sisi. Baba mdogo ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ndama. Shangazi mkubwa yeye anataka zote zipelekwe kwa sonara ziyeyushwe watengeneze mikufu wagawane. Mimi naomba mwenye uelewa anisaidie kabla hawajaharibu, hawa watu ni kina nani na hizi sarafu zina thamani gani kiukweli?

Mtu_wa_Kiboroloni
Mkuu mwambie baba mdogo ndama abaki zizini 😂😂 Mtu mwenye mteja wa milioni 80 anakosaje laki tatu? Akate kwenye hizo themanini basi.

Dada_wa_Rupia (Arusha)
Pole na msiba kaka. Nakusanya sarafu za Mjerumani muda mrefu kidogo, nilianzia na rupia za hapa nyumbani halafu nikajikuta nimezama mpaka za kwao kabisa, kwa hiyo acha nikuandikie kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Kwanza mchele. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Silva haivutwi na sumaku, na haivuti chochote, si mchele si sindano si njiti ya kiberiti. Wanachofanya ni punje kutiwa chuma na sumaku kufichwa, ukishaona kwa macho yako unalainika unatoa hela ya kupima, kesho wanataka hela ya "kemikali", keshokutwa hela ya mteja kupanda ndege. Watu wameuza mashamba kwa huo mchezo.

Sasa sarafu zenyewe. Huyo wa kofia ni Wilhelm wa pili, Kaiser, aliyetawala Ujerumani toka 1888 mpaka 1918. Kofia yenye tai ni ya kikosi cha walinzi wake wa farasi. Hiyo ni rupia moja, na ukiangalia nyuma utaona haijatolewa na serikali, imetolewa na kampuni, ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ndo maana kuna simba na mnazi. Kampuni ilianza kupiga sarafu zake 1890. Ilipofika 1904 serikali ikachukua kazi hiyo yenyewe, simba akaondoka, nyuma ukabaki mviringo wa majani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Kwa hiyo rupia ukiiona tu mgongo unajua ni ya kampuni au ya serikali hata mwaka ukiwa umefutika.

Uzito wake inatakiwa iwe gramu 11.66 na silva yake ni 917 kwa 1000. Hivyo vipimo havikutoka Berlin, ni vya rupia ya India! Pwani yote ilishazoea rupia ya India, Mhindi na Mwarabu wasingeikubali sarafu iliyo nyepesi zaidi, ikabidi Kaiser mwenyewe sura yake ikae kwenye vipimo vya Bombay. Hilo huwa linanifurahisha sana.

Huyo Albert ni mfalme wa Sachsen. Hapa ndo wengi wanapotea, wanadhani Ujerumani ilikuwa na mfalme mmoja. Dola ile ilikuwa muungano wa nchi 25, wafalme wanne (Prussia, Bavaria, Sachsen, Württemberg), chini yao madyuki na watawala wadogo kibao, na miji mitatu isiyo na mfalme kabisa, Hamburg, Bremen na Lübeck. Wewe wa Old Moshi utanielewa haraka, ni kama Uchagani enzi zile, Machame ana mangi (chifu) wake, Kibosho wake, Marangu wake. Walikubaliana sarafu ndogo, kuanzia mark moja kushuka, zifanane nchi nzima, ila mark 2, 3 na 5 za silva kila mtawala aweke uso wake mbele, nyuma wote tai mmoja. Ndo uhondo wa kukusanya hizi kitu ulipo, tai ni yule yule ila ukigeuza hujui utakutana na nani.

Hiyo yako ya mark 5 iweke ubavu kwenye mwanga, utasoma GOTT MIT UNS, Mungu pamoja nasi. Chini kwenye tai kuna herufi ndogo sana, hiyo ni alama ya kiwanda. Kama ni ya Albert inatakiwa iwe E, kiwanda cha Muldenhütten huko huko Sachsen. A ni Berlin, D ni München, F Stuttgart, G Karlsruhe, J Hamburg. Ukikuta Albert mwenye herufi A mrudishie aliyekuuzia.

Mama wa 1780 namrudia baadaye, chai inapoa.

Kijana_wa_Kihamba
Dada asante sana aisee. Nimeangalia kwa tochi ya simu E ipo kweli na hayo maandishi ya ubavuni yapo! Sasa swali, huyu mfalme wa Sachsen kafikaje kwenye sanduku la bibi yangu Old Moshi? Rupia naelewa ilitumika hapa, mark je?

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, hilo nalijibu mimi kwa kadiri ninavyoona. Wamisionari wa Kilutheri waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walikuwa wa Misheni ya Leipzig, na Leipzig iko Sachsen. Albert alikuwa mfalme wao wa nyumbani, alitawala 1873 hadi 1902. Sarafu ya 1898 inakaa vizuri kabisa ndani ya mfuko wa mtu wa aina hiyo. Waulize wazee wa ukoo kama kuna aliyefanya kazi misheni, upishi, ujenzi, ukalimani, chochote. Siwezi kukuapia lakini ningeanzia hapo.

Na hiyo rupia msiione kama pambo tu. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka. Mtu aliyekuwa analima ndizi zake na kufuga ng'ombe wake wawili zizini, rupia ataitoa wapi? Lazima aende akambebee mzungu mzigo au akalime shamba lake. Ndiyo ilikuwa maana yake. Uzuri wa silva tuusifie lakini tujue ilikuwa inafanya kazi gani.

Mzee_wa_Madili
Nyie mnaosema mchele uongo hamjawahi kuona. Mimi jamaa yangu wa Sakina alishika rupia ikavuta mchele mbele ya macho yangu. Mzungu hakuwa mjinga kuja kuzika mali huku na kuweka alama kwenye miti na mawe. Dogo usidanganyike na hawa wasomi watakuja kuinunua kwa elfu hamsini.

Mtu_wa_Kiboroloni
Huyo jamaa yako wa Sakina sasa hivi anaendesha V8 au bado anakopa nauli?

Mzee_wa_Madili
Mambo yake hayajakaa sawa tu mteja alikwamia Nairobi

Mtu_wa_Kiboroloni
😂😂😂😂 nimefunga mjadala

Dada_wa_Rupia (Arusha)
Mzee wangu shikamoo, sibishani na wewe ila naomba usimshauri mtoto wa watu achimbechimbe. Kuchimba vitu vya kale kunataka leseni, sheria ya mambo ya kale ipo toka 1964. Na huyo mzungu wa kuzika, rupia ilikuwa ndo hela ya kila siku, walilipia askari na wapagazi na kununulia kuku. Ipo nyingi. Ndo maana rupia moja ya kawaida haiwezi kuwa milioni 80, bei yake inaanzia kwenye silva iliyomo, karibu gramu 10.7, halafu inapanda kwa mwaka na kwa hali yake. Zilizo adimu kweli zipo, mfano sarafu ya rupia 2, ilipigwa 1893 na 1894 basi, hiyo ukiiona kwa bibi wa mtu usipumue.

Haya mama wa 1780. Huyo ni Maria Theresia, mtawala wa Austria. Huo mtandio ni wa ujane, mumewe alifariki 1765 na hakuuvua tena. Yeye mwenyewe akafariki Novemba 1780, lakini hapo ndo kichekesho, kwa kuwa Waarabu na Wahabeshi walishaipenda hiyo sarafu na wanakataa nyingine, ikaendelea kupigwa na mwaka ule ule 1780 miaka na miaka baada ya kifo chake. Ilipigwa Vienna, baadaye Roma, London, Bombay, kote huko wanaandika 1780. Kwa hiyo mkuu usije ukamtangazia mtu una sarafu ya karne ya 18, yako inaweza kuwa imepigwa 1936. Hizi ndo zile reale za Zanzibar, wafanyabiashara wa msafara walizipandisha mpaka bara. Gramu 28 na kidogo, silva yake 833 kwa 1000. Chini ya kifua angalia kama kuna S.F., ni herufi za maofisa wa kiwanda cha Günzburg.

Sasa mambo ya kufanya. USISUGUE. Sitaki kusikia dawa ya mswaki, jivu, limao wala stili waya. Ule weusi mnaouona uchafu ndo unaomwambia mnunuzi kwamba sarafu haijaguswa, ukishaing'arisha unabaki na kipande cha silva chenye mikwaruzo. Usiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini inayonata, baada ya muda inatoa ukijani. Bahasha ya karatasi inatosha. Na shangazi mkubwa mwambie kwa heshima zote, sonara akiichomelea kikonyo cha mkufu bei inaangukia kwenye uzito wa silva, akiiyeyusha ndo imeisha habari yake. Peleka kwa sonara kupima uzito tu, na usimame hapo hapo, usiiache "uje kesho".

Ngarenaro_Finest
Mimi nina swali la tofauti na msinirukie. Hawa watu walimnyonga Mangi Meli hapo hapo Old Moshi, Machi 1900, na viongozi wengine, na mpaka leo familia inatafuta fuvu lake huko Ujerumani. Sisi tunakaa tunawajua kwa majina, sijui Albert sijui Wilhelm, tunaweka sura zao kwenye albamu kwa pamba. Hii si kushabikia?

Mwalimu_Mstaafu
Swali zuri na ni la haki. Mimi nafikiri ushabiki ni pale unapoitazama sarafu ukaona kofia tu. Rupia ya simba ya 1892 ilikuwepo Meli akiwa hai. Kilele cha Kilimanjaro nacho Hans Meyer alikipa jina la huyo huyo Wilhelm alipofika 1889, tukaja kukiita Uhuru. Sura iko mkononi mwako, mweleze mjukuu yote mawili, aliyechorwa na waliolipishwa.

Ngarenaro_Finest
Sawa mwalimu, nimekuelewa nusu. Ila mimi ningekusanya zile hela za Mjerumani zilizopigwa mwisho mwisho kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, zinaonyesha alivyobanwa.

Dada_wa_Rupia (Arusha)
@Ngarenaro hapo tuko pamoja, za Tabora 1916! Meli zimezibwa na Waingereza, hela kutoka Ujerumani haifiki, wakaanza kupiga sarafu kwenye karakana ya reli Tabora. Heller 20 (heller ndo sarafu ndogo chini ya rupia) za shaba, zimekaa vibaya vibaya, herufi T ya Tabora, ukizipanga kumi hazifanani. Na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Ile ya tembo feki zake ni nyingi, msinunue mtandaoni kwa kuona picha.

Kuhusu kushabikia, mimi ukweli nikianza kuwasoma hawa watawala ndo heshima ilipopungua, maana ukiwajua wanakuwa watu tu. Angalia Bavaria, kuna mfalme Otto, alikuwa mgonjwa wa akili amefungiwa nyumbani, baba yake mdogo Luitpold ndo anaendesha nchi, lakini kwenye sarafu karibu zote toka 1888 hadi 1913 ni uso wa Otto, mfalme hajui hata kama yuko kwenye hela. Kaka yake Ludwig wa pili kabla yake alimaliza hela kwenye makasri, akatangazwa hana akili timamu, siku chache akakutwa amekufa ziwani, 1886. Au baba wa huyu Wilhelm wa kwenye rupia, Friedrich wa tatu, alingoja kiti mpaka ana miaka 56, akakipata 1888 tayari ana kansa ya koo hawezi hata kusema, katawala siku 99. Sarafu zake zote ni za mwaka huo mmoja, watu wakaziweka kama kumbukumbu ndo maana mpaka leo zinapatikana ziko safi. Babu Wilhelm wa kwanza, baba Friedrich, mtoto Wilhelm wa pili, wote walitawala mwaka 1888. Ukitaka kuanza kukusanya anza na hao watatu, mark 2 kila mmoja wa Prussia, ni hadithi nzima kwenye kiganja.

Na ukirudi nyuma zaidi kuna Friedrich yule wanayemwita Mkuu, wa Prussia. Vita ya miaka saba, 1756 mpaka 1763, hela imemwishia, akachakachua mwenyewe! Aliteka kiwanda cha sarafu cha Leipzig, akatumia vyombo vya huko kupiga sarafu zenye silva kidogo sura ile ile, kazi wakapewa wafanyabiashara kina Ephraim. Wananchi wakawa wanasema nje Friedrich, ndani Ephraim. Yaani uchakachuaji tunaoulalamikia kwenye mafuta, mfalme alishaufanya.

Mama_Neema_KKKT
Bwana asifiwe. Dada samahani, mimi nilitumiwa picha wasap ya sarafu ya mark 3 ina mtu amevaa kofia bapa, wanasema ni mtu aliyemlinda Luther na ni adimu sana, anauza mtu wa Moshi mjini. Ni kweli?

Dada_wa_Rupia (Arusha)
Amina mama. Huyo ni Friedrich mwenye Hekima wa Sachsen, ni kweli ndiye aliyemficha Luther kwenye ngome ya Wartburg. Sarafu ni ya 1917, miaka 400 ya matengenezo ya kanisa. Lakini mama zilipigwa 100 tu dunia nzima, katikati ya vita. Nakala zake za kuuzia watalii na wakusanyaji ni maelfu. Usitoe hela. Ukitaka ya kumbukumbu nunua nakala kwa bei ya nakala.

Kijana_wa_Kihamba
Wakuu mrejesho. Nimeenda kwa sonara na shangazi mkubwa mwenyewe akiwa kiti cha mbele. Rupia imesoma 11.4, mark 5 imesoma 27.6, mama wa mtandio 28.0. Sumaku haikushika hata moja. Sonara akasema atazinunua kwa uzito, shangazi akamuuliza "kwani hujui zina majina?" nikajua hapo nimeshinda 😂

Jamaa wa milioni 80 nimemwambia aje tukutane hapo hapo kwa sonara, akasema mteja hapendi sehemu za watu wengi, mpaka sasa hapokei simu.

Dada_wa_Rupia (Arusha)
Safi! Rupia imeliwa kidogo kwa kutumika hiyo ni kawaida, mark 5 inatakiwa 27.78 kwa hiyo iko vizuri. Msiuze kwa haraka, uzito wa silva ndo sakafu yenu, msishuke chini ya hapo. Ile ya Albert kama uso bado una vinyweleo vya ndevu vinaonekana nipigie picha pande zote mbili na ubavu, mwanga wa dirishani, usitumie flashi.

Mtu_wa_Kiboroloni
Dada na mimi nimekumbuka, kwa mama kuna ya Mjerumani ina tundu katikati, 1911, imeandikwa 10 HELLER. Nilikuwa nafikiri kuna mtu aliitoboa avae shingoni. Silva hiyo?

Dada_wa_Rupia (Arusha)
Hapana, hiyo ni nikeli mchanganyiko, tundu limetoka nalo kiwandani. Haina uso wa mtu, ina taji tu juu. Hela nyingi hupati lakini itunze. Ukiona za tundu za heller 5 ni za 1913 na 1914, hizo ninatafuta, kama mama anazo niulizie bei.